Mjusi Mmoja, Nyumba Moja: Kumuaga Mwalimu Coralie Tregenza

Na Bronwyn Hannaford, mwalimu wa darasa la tano

Ijumaa hii, tarehe 12 Desemba 2025, Mwalimu Coralie Tregenza anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Msingi ya Mundarra kwa miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo amefundisha katika chumba kilekile, kile cha mwisho barazani upande wa mashariki, chenye dirisha linalokwama na kelele za nyenje. Wakuu wa shule wamekuja na kuondoka, na karibu kila mmoja alijaribu kumhamishia chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Wote walijibiwa kwamba mjusi hapendi kuhamahama.

Msomaji ajue mapema kwamba Coralie ameupitia wasifu huu, unaogawiwa leo ukumbini, kabla yake. Aliomba rasimu, nami sikuwa na ubavu wa kumnyima. Ilirudi imejaa wino wa kijani. Neno "shujaa" alilifuta kila lilipotokea, na pembeni akaandika "punguza chumvi". Kwa hiyo unachosoma hapa ni kile kilichosalimika.

Coralie alizaliwa hapahapa Mundarra, binti wa fundi wa mashine za kuvunia ngano. Alisomea ualimu Adelaide, akafundisha huko mjini miaka kadhaa, kisha mwaka 1992 akarudi nyumbani kwa muhula mmoja tu, amwangalie mama yake aliyevunjika mguu. Mama alipona kabla ya Pasaka na kurudi kwenye kwaya ya kanisa. Coralie hakurudi Adelaide. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia hakuna aliyemkumbusha.

Mjusi wa kwanza aliletwa na dereva wa lori la ngano, aliyemkuta barabarani akiwa na mguu uliovunjika. Daktari wa wanyama akamtibu, kibali kikapatikana, na watoto wakampa jina ambalo Coralie amenikataza kulichapisha. Tangu hapo chumba cha mwisho hakijakosa mjusi mwenye ndevu, ile aina kubwa yenye miiba laini kidevuni. Walikaa mmoja mmoja: akifa huyu kwa uzee, anatafutwa mwingine. Wa tatu alikuwa Kev, dume nene lenye tumbo la mlevi mstaarabu, ambalo liliweza kulala juu ya kichwa cha mtoto kipindi kizima cha hesabu bila kusumbua wala kusumbuliwa.

Yeyote aliyepita chumba kile anazijua sheria za Mwalimu Tregenza, na nina hakika wengine wataota nazo mpaka uzeeni. Nawa mikono kabla ya kumshika mjusi, nawa na baada. Kaa chini, kunja miguu, usimbebe ukiwa umesimama. Upande mmoja wa kasha lake la kioo uwe na joto la kuchoma, upande wa pili uwe na ubaridi, mjusi achague mwenyewe. Boga na majani kila siku, nyenje kwa kiasi, na nyenje asiyeliwa aondolewe kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu usiku yeye ndiye atakayemng'ata mjusi. Kuna watoto waliokataa katakata kusoma mbele ya wenzao lakini wakamsomea Kev vitabu vizima. Kev hakuwahi kumsahihisha mtu.

Julai moja Coralie alilazwa hospitali kwa ajili ya kutolewa nyongo, akaja mwalimu wa muda kutoka mjini, kijana mwenye roho nzuri sana. Hakuna aliyemwambia kwamba majira ya baridi mjusi hulala wiki nyingi bila kula wala kutikisika. Watoto walidhani anajua. Yeye alidhani Kev amekufa na kwamba watoto wanajikaza kiume. Akaandaa mazishi ya heshima. Shimo likachimbwa nyuma ya goli la uwanja wa mpira, darasa likapangwa mistari miwili, wimbo ukaimbwa. Katikati ya sala, msichana wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Marehemu anatuangalia."

Mwalimu wa muda aliketi palepale kwenye udongo. Watoto walifukia shimo tupu, wakaweka jiwe juu yake, na jiwe lile likabaki. Coralie aliposimuliwa kitandani alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mshono.

Sasa nifike mwaka 2017. Mwaka huo naujua vizuri, maana nilikuwa mwalimu pekee wa Shule ya Wirrip, na ndio mwaka ilipofungwa.

Kati ya Wirrip na Mundarra kuna mashamba ya ngano na uhasama wa ligi ya mpira, na sijui ni kipi kirefu zaidi. Sisi huwaita watu wa Mundarra wajivuni. Wao hutuuliza kama umeme umeshafika. Wizara ilipoamua watoto wetu wachache wapande basi na kuunganishwa na wa Mundarra, hatukuja tukiimba. Tulikuja na madawati yetu, kombe moja la riadha, na mjusi wetu Pavlova, mdogo, wa rangi ya mchanga, jina lake limetokana na keki. Lindsay Pfitzner, mkulima na mwenyekiti wa wazazi wetu, aligoma kutia saini makubaliano ya kuunganisha shule mpaka kiingizwe kifungu kimoja: Pavlova atabaki mali ya watu wa Wirrip. Ofisa wa wizara alidhani ni utani. Lindsay hakucheka, kifungu kikaingia.

Mwalimu mkuu wa wakati ule, Ash Venning, alikuwa mtu wa matumaini makubwa. Alitutazama siku ya kwanza, watoto wa Wirrip upande huu wa uwanja na wa Mundarra upande ule, hakuna anayempigia mwenzake hata mpira, akapata wazo. Kev ni dume. Pavlova ni jike. Hilo lilithibitishwa zamani na mwenye duka la chakula cha mifugo, aliyemwangalia kwa mbali na kusema ana uso wa kike. Basi, tuwaozeshe. Harusi ifanyike siku ya ufunguzi wa shule mpya, mbele ya wazazi na mgeni wa wizara, na maharusi waishi katika kasha moja la kioo pale mlangoni, wawe mfano kwa watoto.

Tulilipenda wazo hilo sote, Wirrip na Mundarra, na Coralie alilipenda kuliko wote. Hapa aliandika pembeni kwa kijani: "Kweli. Acha ilivyo." Alikuwa amefuga mijusi miaka na miaka, lakini kila mara mmoja, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mmoja alimtosha. Ni yeye aliyeshona shela kutokana na pazia la jikoni kwake.

Harusi ilifana. Kulikuwa na soseji za kuchoma ndani ya mkate, keki za nazi na chokoleti, na mtoto wa darasa la sita aliyevaa koti la baba yake akawa mchungaji. Pavlova alipowekwa ndani ya kasha, ndevu za Kev zikageuka nyeusi tititi, akaanza kutikisa kichwa juu na chini.

"Amekubali! Bwana harusi amekubali!" watu wakapiga makofi.

Pavlova akainua mkono mmoja, akauzungusha polepole hewani.

"Jamani, bibi harusi anatupungia!"

Ukumbi mzima ukampungia. Mgeni wa wizara alimpungia. Mimi nilimpungia kwa mikono miwili. Gazeti la wilaya likatoa picha yao ukurasa wa mbele, mmoja amelala juu ya mgongo wa mwenzake chini ya taa, na maneno ya kusifu mapenzi ya Wirrip na Mundarra.

Wiki zilizofuata walionekana hivyohivyo, Kev juu, Pavlova chini. Kila aliyepita mlangoni alisimama na kusema jinsi wanavyokumbatiana. Coralie ndiye aliyeanza kunyamaza. Aliona kwamba wa chini ni yuleyule kila siku. Aliona boga la Pavlova linabaki na nyenje wake wanazeeka. Siku moja alimkuta ana damu kwenye kidole cha mguu wa nyuma na ncha ya mkia haipo, akamfunga kwenye taulo na kuendesha gari hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari alimgeuza Pavlova juu chini, akauliza, "Coralie, nani alikwambia huyu ni jike?"

"Kwani siye?"

"Hawa ni madume wawili. Na hata angekuwa jike, nisingethubutu kuwaweka nyumba moja. Huyu anayelala juu hakumbatii mtu. Anamwibia mwenzake joto na mwanga. Na huyu akiwapungia mkono anasema, nimeshindwa, usiniue."

Coralie aliniambia baadaye kwamba njiani alisimamisha gari kando ya shamba akalia, kwa sababu alikumbuka ukumbi mzima ukimpungia.

Alipofika shuleni na taulo lake, watoto walikuwa wakisubiri basi. Tegan, binti wa Lindsay Pfitzner, wa darasa la nne wakati ule, alikiona kidole kile. Hakulia. Alisimama mbele ya watoto wa Mundarra akasema kwa sauti ambayo hata mimi mwalimu wake sikuwahi kuisikia:

"Kwanza mmemeza shule yetu. Sasa mjusi wenu anammeza wetu."

Maneno hayo yalifika Wirrip kabla ya basi. Jioni ile ile wazazi walipigiana simu wakaafikiana: Pavlova akifa, watoto wote wa Wirrip wataondolewa na kupelekwa shule nyingine, ng'ambo ya vilima. Hilo halikuwa tishio la mdomoni. Bila watoto wa Wirrip, Mundarra ingebaki na idadi isiyotosha, na wizara isingesita kuifunga nayo. Miji miwili ingekosa shule kwa sababu ya mjusi mmoja asiyekula.

Coralie alimtoa Pavlova palepale, akamweka kwenye kasha la zamani chumbani kwake. Ash Venning alimfuata akiwa ameshika kichwa.

"Mkutano wa wazazi ni Alhamisi, Coralie. Warudishe pamoja mpaka mkutano uishe, nakuomba. Tukiwatenganisha sasa, watu watasema hata mijusi wameachana."

"Basi waseme."

"Gazeti limeandika mapenzi!"

"Ash, gazeti halilali chini ya Kev."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Watu wa Wirrip walikaa kushoto, wa Mundarra kulia, watoto mbele sakafuni. Coralie alipanda jukwaani amembeba Pavlova kwenye taulo lake. Hakuwa msemaji wa mikutano. Alisahau kuwasha kipaza sauti.

"Nilikosea," alisema. "Nilimshonea shela mnyama aliyekuwa anaomba asiuawe. Mijusi hawa hawakuumbwa kuishi wawili. Si kwamba Kev ni mbaya. Ukiwaweka kasha moja, mmoja atakula na mwingine atakonda, ndivyo walivyo. Na Pav si bibi harusi. Ni dume."

Lindsay Pfitzner akasema kutoka kushoto, "Kwa hiyo ndoa imevunjika kabla keki haijaisha."

Watu walicheka, kicheko cha kutafuta pa kupumulia. Lindsay hakucheka.

"Sasa tumchukue mjusi wetu twende zetu?" akauliza.

"Mnaweza. Ni wenu, imeandikwa," Coralie alijibu. "Lakini nina ombi. Nataka makasha mawili, kila moja na taa yake, chumbani kwangu, na ubao katikati wasionane, maana hata kumwona tu mwenzake kunamnyima usingizi. Kev atatunzwa na watoto wa Wirrip. Pav atatunzwa na watoto wa Mundarra."

Hapo kelele zilipanda pande zote mbili.

"Umekunywa nini, Coralie?" Lindsay alisimama. "Yaani tuwakabidhi Pav watu haohao?"

"Ndiyo. Nao wawakabidhi ninyi Kev."

Tegan aliinuka pale sakafuni. "Mimi ndiye nitamlisha Kev?"

"Wewe ndiye."

"Na nikimnyima?"

Ukumbi wote ulimsikia. Coralie alishuka jukwaani, akachuchumaa mpaka macho yake na ya Tegan yakawa sawa.

"Kumnyima utaweza, mpenzi wangu. Mimi sitakaa hapo kukuchunga. Ila atakapokuja mbele ya kioo kukutazama akiwa na njaa, atakuwa anakutazama wewe."

Tegan akageuka kwa baba yake na kusema, "Baba, kaa chini." Lindsay alikaa. Uso ulikuwa umekunjwa, lakini alikaa.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchungana. Kila Ijumaa watoto wa Mundarra walimpima Pav kwenye mzani mbele ya watoto wa Wirrip, na watoto wa Wirrip walimpima Kev mbele ya watoto wa Mundarra, nyuso zimekaza utadhani mpaka wa nchi mbili. Kev alikuwa ananenepa. Kwa uchungu wote aliokuwa nao, Tegan alimkatia boga vipande vidogo kuliko mtu yeyote. Pav hakuwa akila. Watoto wa Mundarra walijaribu karoti, wakajaribu majani ya kila aina, wakamchezeshea nyenje puani. Walianza kuja shuleni mapema, na nilimkuta mmoja wao, bingwa wa kututania kuhusu umeme, amepiga magoti mbele ya kioo akimbembeleza, "Kula basi, bwana, usinifanyie hivi."

Kilichomfungua kinywa ni waridi. Mtoto mmoja alikwanyua ua kutoka bustani ya Mwalimu Venning, mahali ambapo hata walimu tuliogopa kukanyaga, akamwekea Pav petali moja nyekundu. Pav aliitazama, akailamba, akaimeza. Wakampa ya pili. Kisha darasa zima la watoto wa Mundarra likatoka mbio bila ruhusa, likavuka uwanja wa mpira kwenda upande wa Wirrip, likipiga kelele, "Amekula! Pav amekula!" Watoto wetu walikuja mbio kuwalaki. Walikutana katikati ya uwanja, na kutoka barazani tulipokuwa tumesimama, Coralie na mimi, hatukuweza tena kutofautisha nani wa wapi. Coralie alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Ash Venning aliangalia bustani yake na kusema tu kwamba mawaridi yalihitaji kupogolewa.

Watoto wa Wirrip hawakuondoka. Shule ipo, na leo mmeketi ndani yake.

Ubao ule wa katikati umepakwa rangi na kila darasa lililopita, upande wa Kev na upande wa Pav, mpaka rangi imekuwa nene. Juu ya mlango Coralie alibandika maneno manne ambayo watoto huyasoma wakiingia: mjusi mmoja, nyumba moja. Shule nyingine za wilaya zikasikia, zikaanza kumwita awafundishe namna ya kuweka mijusi wawili pamoja darasani kwa usalama. Aliendesha gari mbali kote huko kwenda kuwaambia kwamba usalama ni makasha mawili, taa mbili na ubao, na kwamba yule anayepunga mkono hasalimii. Wengine walikasirika kwamba wamesafirishiwa jibu fupi hivyo. Wote walinunua kasha la pili.

Kev alikufa majira ya baridi yaliyopita. Coralie, kwa kuwa historia anaijua, alikataa kuamini, akamwacha chini ya taa siku nzima na siku ya pili, akimgusa kila alipopita. Safari hii marehemu hakutuangalia. Tulimzika nyuma ya goli, chini ya jiwe lile lile, katika shimo lililokuwa likimsubiri kwa uvumilivu. Watoto waliimba. Coralie alilia mbele yao waziwazi, kisha akawaambia wakanawe mikono.

Katika kasha la Kev sasa yupo Doreen, mdogo bado, ambaye daktari ametuthibitishia kwa kalamu na mhuri kwamba ni jike. Pav yuko upande wake wa ubao, mzee, amekatika ncha ya mkia, anakula mawaridi.

Coralie anahamia pwani kuishi na dada yake Joyce, ambaye hawajakaa naye nyumba moja tangu wakiwa wasichana, na kwa sababu nzuri. Joyce alinipigia simu wiki iliyopita. "Wewe unayeandika habari zake," akasema, "muulize kama sheria yake ya nyumba moja inawahusu mijusi tu. Mimi nikiona amekalia kiti changu cha juani, ndevu zangu zitakuwa nyeusi." Coralie anasema wamekubaliana: birika mbili, televisheni mbili, na mlango unaofungwa.

Kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto wote, tunamshukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa mikono iliyonawishwa mara zisizohesabika, na kwa kusema "nilikosea" mbele ya ukumbi uliojaa kabla hatujajifunza kulisema sisi. Apumzike vizuri.

Rasimu ambayo Coralie aliisahihisha iliishia hapo. Yanayofuata hajayaona, na kalamu ya kijani nimeificha mimi.

Coralie, muhula huu wote umekuwa ukimfundisha mwalimu anayekurithi jinsi ya kukata boga la Pav. Umemwonyesha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ulipomaliza ulibaki umesimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko boga linavyohitaji. Hukumwomba mtu kitu. Unakijua kile kifungu kama sisi: Pav ni mali ya watu wa Wirrip, na wewe ni mtu wa Mundarra.

Jumapili iliyopita watu wa Wirrip walikutana katika jengo la shule yetu ya zamani, ambalo sasa ni kituo cha zimamoto, wakasimama kati ya magari. Wavunaji walikuja na vumbi lao, hakuna aliyekuwa na muda wa kuoga. Mkutano haukuchukua hata nusu saa. Lindsay Pfitzner alisema, nami nilinukuu, "Mara ya kwanza alituomba Pav, tukampa tumekunja uso. Safari hii hajaomba." Akauliza nani anapinga. Hakuna mkono uliopanda.

Kwa hiyo ukifika mstari huu, funga karatasi hii ugeuke nyuma. Tegan ameacha mashine ya kuvunia katikati ya shamba la baba yake na amesimama kwenye mlango wa ukumbi. Alichokishika kwenye taulo ni chako. Taa yake na kasha lake vimeshapakiwa kwenye gari lako, na Joyce ameshapanda mawaridi.

Ubao tunabaki nao kwa ajili ya Doreen na yeyote atakayemfuata. Huko uendako hutauhitaji. Joyce ana mlango.

Nenda salama, Mwalimu. Uwe na jua la kutosha, na kiti chako mwenyewe cha kuliota.